Kukamatwa kwa Unyang'anyi wa Kutumia Silaha Tanzania Bara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara peke yake, kwa sababu Zanzibar ina sheria zake za jinai na mahakama zake. Yameandikwa kwa ajili ya watu wa pande zote mbili za kizimba: mama ambaye mwanawe amechukuliwa usiku na hajui yuko kituo gani, na muuza duka aliyewekewa panga shingoni, anayetaka kujua kwa nini miezi inapita na kesi yake bado inatajwa tu. Anayesoma mpaka mwisho ataona kwamba majibu mengi yanarudi mahali pamoja, nayo ni karatasi zinazoandikwa katika saa chache za mwanzo, kabla wakili yeyote hajafungua mdomo.

Je, kila aliyepora anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha?

Hapana, ingawa mitaani maneno haya hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha ngazi tatu. Wizi ni kuchukua mali ya mtu bila haki kwa nia ya kumnyima mali hiyo daima. Wizi hugeuka kuwa unyang'anyi pale mwizi, wakati wa kuiba au punde kabla au baada ya hapo, anapotumia nguvu au kutishia kutumia nguvu dhidi ya mtu ili aipate mali au asiiachie. Ngazi ya tatu, ambayo wanasheria wameizoea kwa namba ya kifungu 287A, inaongeza silaha au chombo cha hatari: kisu, panga, nondo, bastola.

Kwa hiyo kijana aliyepita na pikipiki akakwapua simu mkononi mwa mpita njia na kutokomea hajafanya jambo lile lile na yule aliyesimama mbele ya mtu na kisu akasema, "Toa simu." Kosa la huyu wa kisu lina adhabu isiyopungua miaka 30 na halina dhamana. Ndiyo maana neno moja katika maelezo ya mlalamikaji, yaani kama kisu kilionekana au la, lina uzito ambao msemaji mwenyewe mara nyingi haujui siku hiyo.

Hati ya mashtaka nayo ina masharti yake. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba katika kosa hili hati itaje mtu aliyetishiwa au aliyetumiwa nguvu. Hati inayosema tu kwamba mshtakiwa aliiba shilingi kadhaa huku akiwa na panga, bila kueleza panga lilielekezwa kwa nani, ina dosari ambayo imewahi kuangusha mashtaka kwenye rufaa.

Nimeporwa usiku huu. Nifanye nini kituoni?

Kama umeumia vibaya, matibabu yatangulie. Vinginevyo nenda kituo cha karibu, utoe taarifa, upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na, ikiwa una jeraha, fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Itunze PF3, kwa sababu daktari akishaijaza inakuwa ushahidi wa nguvu iliyotumika.

Kubwa zaidi ni maneno yako ya kwanza. Kama umemtambua mtu, mtaje hapo hapo, kwa jina au kwa lakabu. Mahakama imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa ni kipimo muhimu cha ukweli wake, na kwamba kuchelewa kumtaja bila sababu kunatia shaka. Kama humjui, mweleze: urefu, rangi, nguo, kovu, sauti, namna anavyotembea. Eleza pia ulimwonaje. Taa ilikuwa ya aina gani, ilining'inia wapi, mlisimama umbali gani, tukio lilichukua dakika ngapi? Askari akiandika "niliwatambua kwa msaada wa taa" na kuishia hapo, mwombe kwa heshima aongeze: "Afande, ilikuwa taa ya barazani kwa jirani, na yule wa kwanza alisimama kama hatua mbili kutoka kwangu." Sentensi hiyo inaandikwa kwa nusu dakika, na nimeshuhudia mawakili wakiitafuta kwenye jarada kwa siku nzima wasiione.

Taja mali kwa alama zake. Simu ina namba ya utambulisho ya tarakimu 15, ipo kwenye boksi na mara nyingine kwenye risiti. Kioo kilichopasuka kona ya kushoto ni alama. Picha ya mtoto nyuma ya kava ni alama. "Simu nyeusi" si alama.

Je, wananchi wanaruhusiwa kumkamata mwizi wenyewe?

Wanaruhusiwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa raia uwezo wa kumkamata mtu aliyetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Ruhusa inaishia hapo. Habari za "wananchi wenye hasira kali" tumezisoma mpaka maneno hayo yamekuwa kama jina la mtu asiye na makosa, lakini aliyeshika tairi au jiwe anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Na hata pasipo kifo, kipigo huvuruga kesi: mtuhumiwa aliyefikishwa kituoni akiwa hoi atakana kila alichosema, na mahakama itakuwa na sababu ya kumsikiliza.

Ni kweli kwamba polisi hawaruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya saa 24?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake la mtaani limeenea kuliko jibu la sheria. Saa 24 zimo kwenye sheria, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Sheria inasema kwamba mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, ikionekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amchunguze na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa kubwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa kubwa. Anayebaki kizuizini anapaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo.

Maneno "mapema iwezekanavyo" si ruhusa ya kumweka mtu selo wiki tatu huku "upelelezi unaendelea". Ndugu wanaoona siku zinapita wanaweza kumwona mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, na ikishindikana kuna maombi yanayopelekwa Mahakama Kuu kuitaka amri ya kumleta aliyeshikiliwa au kumwachia. Andikeni tarehe na saa ya kukamatwa, nani aliona na gari lilikuwa la aina gani. Daftari la mkononi la shangazi aliyekuwepo limewahi kuwa na kumbukumbu nzuri kuliko rejesta.

Tangu anapokamatwa, mtuhumiwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, na akiomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, arahisishiwe. Zipo sababu chache ambazo sheria inaruhusu ombi hilo kusubirishwa, kama vile hofu kwamba wenzake watatoroka au ushahidi utapotezwa.

"Maelezo ya onyo" ni nini, na je, ni lazima nitoe?

Ni maelezo ambayo mtuhumiwa anayatoa kwa polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema chochote, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Hulazimiki kuyatoa. Unalazimika tu kutaja jina lako na anwani yako ukitakiwa. Unaweza kusema utatoa maelezo mbele ya wakili au ndugu, na jibu hilo linapaswa kuandikwa lilivyo.

Sheria inaweka muda. Mahojiano yafanyike ndani ya saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Muda huo unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8 na ofisa anayehusika, na zaidi ya hapo hakimu aombwe. Saa za kumsafirisha kwenda kituoni au za kumsubiri wakili hazihesabiwi. Hapa ndipo maelezo mengi ya onyo yanapokufa. Mtu amekamatwa saa 2 usiku Jumatatu, maelezo yameandikwa saa 5 asubuhi Jumatano, na jarada halina neno lolote la kueleza saa zilizo katikati. Wakili wa utetezi hahitaji kuonyesha kovu hata moja. Anasoma nyakati hizo mbili zilizoandikwa juu ya karatasi ile ile na kumwomba hakimu afanye hesabu. Mahakama ina hiari ya kupokea ushahidi uliopatikana kwa kukiuka utaratibu, lakini upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuishawishi.

Kama mshtakiwa anasema aliteswa, pingamizi litolewe pale karatasi inapoletwa ipokelewe kama kielelezo. Hakimu atasimamisha kesi kuu na kuchunguza kwanza kama maelezo yalikuwa ya hiari, na ni Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inayopaswa kuthibitisha hivyo. Ukinyamaza wakati huo, ukaja kulalamika kwenye utetezi wako, umechelewa sana.

Usitie saini kitu ambacho hukukisoma au hukusomewa. Kama kuna mstari usio wako, sema ukatwe kabla hujasaini.

Polisi walikuja kupekua nyumba. Walipaswa kuwa na nini?

Kwa kawaida hati ya upekuzi, shahidi huru (mara nyingi mjumbe wa mtaa au jirani), na mwisho wa upekuzi hati inayoorodhesha kila kilichochukuliwa, ikiwa na saini za mwenye nyumba, shahidi na ofisa. Upekuzi wa kutumia hati hufanyika kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Upo upekuzi wa dharura usiosubiri hati, lakini polisi waeleze dharura yenyewe ilikuwa ipi.

Ile orodha ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko yote. Fikiria sebule yenye watu saba wamesimama, televisheni imeshushwa sakafuni, na karatasi inapitishwa juu ya kitanda ili isainiwe. Kama imeandikwa "simu 1 aina ya smatifoni" bila rangi, bila namba, bila kasoro yoyote, basi baada ya miezi minane hakuna atakayeweza kuapa kwamba simu iliyoko mezani pa hakimu ndiyo iliyotoka chini ya godoro lile. Tangu hapo kila anayekishika kielelezo anapaswa kuacha alama ya karatasi: aliyekikamata, aliyekitunza stoo, aliyekipeleka kwa mlalamikaji kukitambua, aliyekileta mahakamani. Mnyororo ukikatika, kielelezo kinapoteza nguvu. Mahakama ya Rufani imelegeza sharti hili kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, lakini fedha taslimu na simu hupita mikono mingi kwa wepesi.

Gwaride la utambulisho linafanyikaje?

Mtuhumiwa hupangwa na watu wengine wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano kwa jumla. Anachagua mwenyewe pa kusimama, na baada ya kila shahidi kupita anaweza kubadilisha nafasi. Mashahidi hawaruhusiwi kumwona kabla, wala kuzungumza wao kwa wao, na anayeendesha gwaride asiwe mpelelezi wa kesi hiyo. Mtuhumiwa anaulizwa kama ana malalamiko, na jibu lake linaandikwa.

Gwaride halina maana pale shahidi anaposema anamfahamu mtuhumiwa tangu zamani, na halina thamani kama shahidi hakutoa maelezo ya sura yake kabla. Siku hizi limeongezeka tatizo jipya: picha ya mtuhumiwa inasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa saa moja baada ya kukamatwa, kisha kesho yake mashahidi wanaitwa kumtambua. Wanamtambua wapi, pale kwenye tukio au kwenye simu? Anayesambaza picha hiyo hudhani anasaidia polisi. Anamsaidia wakili wa utetezi.

Kumnyooshea mtu kidole kwa mara ya kwanza akiwa tayari yuko kizimbani, bila gwaride kabla, mahakama hukuhesabu kuwa ushahidi dhaifu sana, kwani kila mtu anajua nani amekaa kizimbani.

Mlalamikaji anasema alinitambua gizani. Je, hilo linatosha kunifunga?

Linaweza kutosha, hata kwa shahidi mmoja, lakini kwa masharti makali. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa makosa umeondolewa. Hakimu anatakiwa kuuliza shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga gani, na kama alikuwa akimjua kabla. Kumjua kabla kunasaidia, ila hakumalizi shaka, kwa kuwa watu hukosea hata ndugu zao gizani.

Hapo ndipo ile sentensi ya taa ya jirani inaporudi. Shahidi akisema mahakamani kwamba taa ilikuwa kali, na maelezo aliyotoa kituoni usiku ule hayataji taa kabisa, wakili wa utetezi ataomba maelezo yale yaletwe, atayasoma polepole, na shahidi atabaki akieleza kwa nini alikumbuka mwanga baada ya mwaka.

Nilinunua simu mkononi mwa mtu, ikaonekana ni ya uporaji. Nami ni mnyang'anyi?

Unaweza kushtakiwa kama mnyang'anyi, na hili huwashtua wengi. Mahakama zinatumia kanuni ya kupatikana na mali iliyoibwa karibuni: kama mali imepatikana kwako, imethibitika kuwa ni ya mlalamikaji, iliibwa muda mfupi tu kabla, na ndiyo inayotajwa kwenye hati ya mashtaka, mahakama inaweza kuchukulia kwamba wewe ndiye uliyeipora au kuipokea ukijua, usipotoa maelezo yanayoingia akilini. Si lazima uthibitishe maelezo hayo pasipo shaka. Yanatakiwa yaweze kuwa kweli.

"Karibuni" inategemea kitu. Simu hubadilisha mikono mara tatu kwa wiki moja, hivyo miezi minne kwa simu ni muda mrefu. Kwa mashine ya kusaga au gari lenye kadi, muda huo ni mfupi. Anayenunua mkononi aandikishiane, achukue nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na alipe kwa njia ya simu ili muamala ubaki kwenye kumbukumbu. "Niliinunua kwa jamaa mmoja pale stendi" ni jibu ambalo hakimu amelisikia asubuhi hiyo hiyo kwenye kesi iliyotangulia.

Kwa nini hakuna dhamana?

Kwa sababu ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inautaja unyang'anyi wa kutumia silaha miongoni mwa makosa ambayo mahakama na polisi hawaruhusiwi kumpa mtu dhamana, pamoja na mauaji na uhaini. Hakimu akikwambia "kosa lako halina dhamana" hakuchukii, hana mamlaka.

Jambo hili limebishaniwa sana. Mwaka 1991, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, mtu aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kipengele kimoja cha kifungu cha dhamana ikisema kilikwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kifungu chote cha makosa yasiyo na dhamana kuwa kinyume cha Katiba, lakini mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Kifungu kikabaki.

Maoni yangu ni kwamba katazo hili linahamisha kesi yote kwenda kwa yule anayeamua hati ya mashtaka iandikwe vipi. Neno "kwa kutumia silaha" likiandikwa, mtu anakaa gerezani mpaka hukumu, awe na hatia au asiwe nayo. Likiachwa, anaweza kulala kwake usiku huo. Hakimu, ambaye ndiye aliyesomea kupima mambo ya namna hiyo, hana nafasi ya kuuliza.

Kesi inatajwa tu kila baada ya wiki mbili. Kuna nini?

Kosa hili husikilizwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, hivyo mshtakiwa anasomewa shitaka na kuulizwa kama ni kweli siku ya kwanza. Baada ya hapo, kama upelelezi haujakamilika, shauri linaahirishwa na kutajwa tena na tena. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujaisha, lakini makosa makubwa yaliachwa nje ya katazo hilo. Ndugu wanaokuja kila tarehe wanamwona mtu wao akishuka kwenye karandinga, anaitwa jina, inasemwa "upelelezi bado", naye anarudi. Mshtakiwa ana haki ya kusimama na kumwomba hakimu auagize upande wa mashtaka ueleze hasa nini kimebaki. Alisemalo liandikwe kwenye mwenendo wa shauri.

Tumeshaelewana na mlalamikaji, amerudishiwa mali. Kesi inafutwa?

Haifutwi kwa hilo. Mlalamikaji ni shahidi. Mwenye kesi ni Jamhuri. Makosa yanayoweza kumalizwa kwa mapatano ni madogo ya ugomvi wa watu binafsi, na hili halimo. Kumlipa shahidi ili asije ni kosa lingine kabisa.

Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuondoa shitaka wakati wowote kabla ya hukumu, na mwendesha mashtaka anaweza kuomba kuliondoa kwa ruhusa ya mahakama. Kabla ya utetezi, kuondolewa huko si kuachiwa huru: hakumzuii mtu kushtakiwa tena kwa kosa lile lile, na imewahi kutokea mtu akakamatwa tena akiwa bado kwenye ngazi za mahakama, ndugu wakiwa wameshangilia mapema.

Siku ya kusikilizwa inakuwaje, na vipi kama sikuwepo eneo la tukio?

Kwanza husomwa maelezo ya awali ili ijulikane yasiyobishaniwa. Kisha mashahidi wa Jamhuri, mmoja mmoja, na mshtakiwa ana haki ya kuwauliza maswali. Wakimaliza, hakimu anaamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwepo, mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kiapo, kukaa kimya, na kuita mashahidi. Haimpasi kuthibitisha kwamba hana hatia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo sababu ya kutoelewa kinachosemwa imepungua.

Kama utetezi wako ni kwamba ulikuwa mahali pengine, toa taarifa kabla shauri halijaanza kusikilizwa, au walau mpe mwendesha mashtaka maelezo yake kabla hajafunga ushahidi wake. Ukichelewa, mahakama inaweza kuamua kutoyapa uzito wowote. Mtu aliyekuwa msibani Singida na anao watu ishirini wa kumshuhudia anaweza kulitaja jambo hilo kwa mara ya kwanza akiwa anajitetea, na likaonekana limetungwa juzi.

Adhabu ni ipi? Na kama mshtakiwa ni mtoto?

Si chini ya miaka 30 gerezani, pamoja na viboko au bila viboko. Hakimu hawezi kushuka hapo hata kama kilichoporwa ni elfu kumi na ni kosa la kwanza. Silaha isipothibitika lakini nguvu ikathibitika, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa unyang'anyi wa kawaida, au hata kwa wizi.

Aliye chini ya miaka 18 hafungwi gerezani: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza, na kesi yake inapaswa kwenda Mahakama ya Watoto. Wazazi wapeleke cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku ya kwanza. Umri uliokadiriwa kwa macho na kuandikwa "miaka 19" kwenye hati ya mashtaka hufuata kijana mpaka kwenye rufaa.

Sina fedha za wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu mahakama, ikiona haki inadai hivyo, kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe wakili. Omba kwa mdomo, mapema. Katika mahakama za chini washtakiwa wengi hujitetea wenyewe, na wasaidizi wa kisheria wanaofika magerezani huweza kukusaidia kupanga maswali ya kuwauliza mashahidi.

Nimehukumiwa. Nina muda gani wa kukata rufaa?

Taarifa ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo. Mfungwa hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Ukishindwa hapo, taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani ni ndani ya siku 30. Wengi waliotoka walitoka huko juu, baada ya miaka, kwa mambo ambayo yangeonekana kituoni: saa za maelezo ya onyo, orodha ya upekuzi, mwanga wa taa. Mkurugenzi wa Mashtaka naye anaweza kukata rufaa mshtakiwa akiachiwa.

Simu yangu ni kielelezo. Nitaipata lini?

Hukumu ikitolewa, mahakama inaweza kuagiza mali irudi kwa mwenyewe, lakini rufaa ikikatwa huenda ikasubiri. Mapema zaidi unaweza kumwomba mwendesha mashtaka aombe mahakama iruhusu mali ipigwe picha na kurudishwa, hasa kama ni chombo chako cha kazi. Nenda na RB, risiti na boksi lenye ile namba ya tarakimu 15, na ukikabidhiwa usaini kwenye karatasi inayotaja namba hiyo, si "simu 1".